Barua Iliyoanza na Marahaba

Ninyi vijana mnaomwandikia mkuu wa ofisi kwenye simu "Mambo vipi bosi", sina ugomvi nanyi. Nimestaafu. Mhuri nilirudisha, ufunguo wa kabati nilirudisha, na miwani niliyonunua kwa ajili ya kazi sasa naitumia kuchambua maharage. Lakini nipeni barua yoyote, hata leo, mtaona macho yangu hayaendi kwenye maneno ya katikati. Yanaenda juu, pale mwandishi alipomwita mwenzake, halafu yanashuka chini kabisa, pale alipojiita mwenyewe. Katikati nitapasoma baadaye, nikishajua kama nadanganywa.

Nilikuwa karani wa masjala, katika ofisi moja pale Lushoto. Jina lake silitaji, maana bado ina watu na watu wana masikio. Masjala ndicho chumba ambacho barua zote hupitia. Inayoingia unaifungua, unaigonga mhuri wa tarehe, unaiandika kwenye daftari, unaiweka kwenye jalada lake na kuipeleka kwa mkubwa. Inayotoka nayo inapita kwako, unaangalia kama imeandikiwa mtu kwa cheo chake. Watu hudhani ni kazi ya kubeba makaratasi. Waacheni wadhani. Katika ofisi nzima, aliyejua nani anamwogopa nani alikuwa karani wa masjala.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Salehe, mtu mfupi mwenye sweta la kijani ambalo sikumwona akilivua hata mwezi wa pili jua linapowaka. Alikuwa hamwamini mtu. Ukimwambia "Shikamoo Mzee", alikutazama kwanza usoni, kana kwamba huenda unaficha kitu nyuma ya hiyo shikamoo, ndipo akaitika.

Siku moja ilikuja barua ya kumwombea kijana kazi ya ulinzi. Karatasi nzuri, mwandiko mzuri, sifa za kijana zimejaa ukurasa. Chini kabisa imeandikwa: "Mimi, Mheshimiwa Padre," kisha jina. Mimi nilishaipiga mhuri na kuiweka kwenye jalada. Mzee Salehe akaitoa.

"Hadija, umesoma mwisho?"

"Nimesoma, Mzee. Ni padre."

"Padre gani anayejiita Mheshimiwa? Mwenye cheo huitwa na watu. Akijiita mwenyewe, mwulize amekipata wapi."

Aliulizia misheni. Padre wa jina hilo alikuwa amehamishwa miaka mingi nyuma, na kijana hakumjua. Tangu siku hiyo nikaacha kusoma barua kama Mkristo anavyosoma Injili, nikaanza kuzisoma kama mama mwenye duka anavyokagua noti.

Msidhani sikukosea. Niliwahi kumwandikia mtu "Mheshimiwa Diwani" wiki mbili baada ya kuangushwa kwenye uchaguzi. Kesho kutwa yake nikamwona anaingia masjala na barua mkononi, nikajua leo natukanwa. Akaiweka mezani taratibu.

"Mwanangu, hii mnaweza kunitolea nakala mbili zaidi?"

"Za nini, Mheshimi… za nini, Mzee?"

"Moja ya mke wangu. Tangu matokeo yatoke ananiita Baba Asha tu."

Mzee Salehe alicheka mpaka akakohoa. Yule bwana alipotoka, kicheko kikakatika palepale. "Usimpe," akaniambia. "Leo ni mke wake. Kesho ataionesha mahali pengine." Ndivyo alivyokuwa, hakumwamini hata aliyemchekesha. Nami nikarithi. Mwenzangu alirithi kiti chake, mimi nilirithi shaka yake.

Na shaka hiyo, wanangu, inafaa. Mtu akikuita Mheshimiwa nawe huna uheshimiwa wowote, shika mkoba wako. Anayemwandikia mtu asiyemjua "Mpendwa" ana jambo. Ukiwa hujui umri wa unayemwandikia, usimwulize yeye, mwulize jirani yake, kwa sababu mtu mwenyewe atajipunguzia au atajiongezea kulingana na siku. Na mtu akifa, hakikisha amekufa kabla hujamwandika Marehemu. Hili la mwisho msinifanye nieleze nililijuaje.

Sasa niwaambie pale shaka iliponigeuka.

Kulikuwa na bibi mmoja upande wa Rangwi, Bibi Mwanaidi, mjane asiye na mtoto wa kiume. Alikuwa na kipande cha bonde chenye maji mwaka mzima. Kabichi na karoti zilizotoka pale, hata wanunuzi wa Tanga walizijua. Mumewe alipofariki, Shabani, mtoto wa mdogo wa marehemu, yule anayemwita Bibi "mama mkubwa", akasogeza mpaka. Mwaka wa kwanza hatua tano. Mwaka wa pili akapanda viazi vyake hadi katikati. Bibi hakujua kusoma wala kuandika. Akaenda kwa Mwalimu Bonifasi, mwalimu mstaafu pale Rangwi, ambaye nusu ya barua za milima ile zilikuwa mwandiko wake. Bibi akasema, Mwalimu akaandika, Bibi akaweka dole gumba.

Barua ile ilianza hivi: "Mwanangu mkubwa wa ofisi, Marahaba."

Niliisoma mara tatu. Mnaelewa? Bibi alikuwa amepita miaka themanini. Kwake yeye, hakuna mtu katika ofisi ile ambaye hakupaswa kumwamkia. Kwa kuwa barua haiwezi kungoja shikamoo, aliitika kabisa ili mazungumzo yaendelee. Mkuu wetu wa wakati huo alikuwa mtu mzima. Alicheka, akaandika pembeni mwa barua: "Mama huyu asikilizwe." Jalada likafunguliwa.

Kisha mkuu yule akahamishwa. Akaja mwingine kutoka Tanga, kijana wa miaka kama thelathini na tano, suti imenyooka, hacheki ovyo. Nikamtazama kama Mzee Salehe alivyonifundisha. Siku ya kwanza dereva alimwita "kaka", naye hakuitika. Nikajisemea, huyu anataka Mheshimiwa. Hakuniambia hivyo. Hakumwambia mtu yeyote. Lakini mimi nilishajua, ama nilidhani nimejua.

Wiki hiyohiyo ikaja barua ya pili ya Bibi Mwanaidi, kukumbushia. "Mwanangu mkubwa wa ofisi, Marahaba. Nangoja."

Niliogopa. Nikaona mkubwa mpya ataniuliza upuuzi gani huu unapitishwa masjala. Tena nikamshuku Mwalimu Bonifasi, nikasema anajua taratibu huyu, ameiacha makusudi tuchekwe. Nikachukua kalamu ya wino mwekundu, nikaandika chini ya barua: "Irudishwe kwa mwandishi. Salamu si sahihi. Barua kwa Mheshimiwa haianzi hivi. Rekebisha." Nikapiga mhuri, nikairudisha Rangwi kwa gari. Nikajiona nimemsaidia Bibi.

Mwezi ukapita. Ikaja ya tatu. Mwandiko uleule wa Mwalimu, dole gumba lilelile. Ilianza: "Mheshimiwa Bwana Mkubwa, Shikamoo. Mimi Mwanaidi naomba radhi kwa makosa yangu yote. Malalamiko yangu ya shamba nayaondoa. Shabani alichukue."

Bibi yule amwamkie kijana wa miaka thelathini na tano? Hata kwa mtutu wa bunduki asingefanya. Nikaanza kuhesabu. Ama Bibi amekufa na kidole kimeshikwa na mtu mwingine. Ama yuko hai, na Mwalimu amenunuliwa na Shabani, ameandika anavyotaka na kumwekesha mzee wa watu dole kwenye maneno asiyoyajua.

Nikaipeleka kwa mkubwa.

"Hii barua siiamini."

"Kwa nini, mama? Mwandiko si wake?"

"Hajawahi kuwa na mwandiko. Ni salamu. Huyu bibi haamkii mtu."

"Kwa hiyo salamu ndiyo ushahidi?"

"Ndiyo."

"Ijumaa nafunga jalada. Ukiwa na kitu zaidi ya salamu, niletee kabla ya hapo."

Nikaomba ruhusa ya siku moja. Alfajiri nikapanda gari la Rangwi, ukungu umekaa barabarani kiasi kwamba utingo alikuwa akichungulia dirishani kumwongoza dereva. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Mwalimu Bonifasi. Niliyapanga vizuri mno.

Nilimkuta barazani kwa duka, amekaa na wazee wenzake watatu. Alikuwa amevaa miwani mipya mizito. Akaniona, akatabasamu, akasogea kunipisha nafasi kwenye benchi. Tulifahamiana miaka mingi, zaidi kwa barua, na kila mara aliniandikia "Mdogo wangu Hadija".

Sikukaa. Sikumwamkia.

"Wewe Bonifasi," nikasema. "Shabani amekupa nini?"

Kwa wageni niseme: kwetu milimani kumpita mzee bila shikamoo ni kama kumzaba kofi. Na kumwita mwalimu jina lake tupu mbele ya wazee wenzake ni kumvua nguo, maana ualimu haurudishwi kama mhuri; mtu hustaafu nao na huzikwa nao. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana nilifanya.

Mwalimu hakupandisha sauti. "Mwandiko ni wangu," akasema. "Maneno ni yake. Nilimwuliza kwa nini, akaniambia, andika nisemavyo, usiniulize. Twende kwake ukamwulize wewe."

Tukapanda kilima. Tulimkuta Bibi Mwanaidi nje, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Hai, macho makali. Moyo wangu ukatulia kidogo. Nikainama.

"Shikamoo Bibi."

Hakuitika. Akamwuliza Mwalimu kwa Kishambaa mimi ni nani. Mwalimu akamwambia, ametoka ofisini Lushoto. Bibi akaweka ungo chini. Akashika ukuta, akainuka kwa tabu, akainamisha kichwa chake cheupe mbele yangu.

"Shikamoo mkubwa," akasema.

Wanangu, nimefiwa na wazazi wote wawili, lakini sijui siku niliyosikia baridi kama ile. Nikamshika mabega, namwambia, "Bibi, usiniamkie, mimi mjukuu wako, usiniamkie," naye ananiangalia kama anayengoja kusikia adhabu yake.

Akaingia ndani akarudi na karatasi imekunjwa kwenye kitambaa. Sikuhitaji miwani. Ilikuwa barua yake ya pili. Mhuri wangu. Wino wangu mwekundu.

Ilifika wakati Mwalimu Bonifasi yuko Tanga kutibiwa macho. Bibi akakosa wa kumsomea. Shabani akasema, "Lete, mama mkubwa, nikusomee." Akamsomea kwamba ofisi imekasirika. Kwamba amemtukana Mheshimiwa kwa kumwitika marahaba. Kwamba asipoomba radhi na kuondoa malalamiko, atakuja kuchukuliwa na kufungwa. Bibi akamwuliza, umesoma vizuri? Shabani akamwonesha mhuri. Akamwonesha wino mwekundu. "Wino huu, mama mkubwa, hutumika kwa mabaya tu."

Mwalimu aliporudi hakuambiwa kitu. Bibi aliona aibu.

Nilikuwa nimemshuku Mwalimu, nimemshuku Shabani, nimemshuku mkubwa wangu, hata maiti isiyokuwepo niliishuku. Mkono wangu mwenyewe haukuwahi kunipitia akilini. Shabani alikuwa mwongo, sawa. Lakini silaha nilimtengenezea mimi, nikaigonga na mhuri.

Nikamwomba Mwalimu karatasi tuandike upya. Akatoa. Nikamwuliza Bibi, "Tuanzeje? Sema unavyotaka wewe."

Akafikiri. "Sijui tena," akasema. "Niambie wewe kinachotakiwa."

Hilo ndilo nililomharibia, na sikuweza kulirudisha. Mwalimu akaandika "Mwanangu", salamu akaiacha hapo, akaendelea na habari ya shamba. Bibi akaweka dole.

Ijumaa asubuhi niliweka karatasi zote mbele ya mkubwa, yangu yenye wino mwekundu ikiwa juu. Nilishajiandaa kuachishwa kazi. Alisoma polepole.

"Nani alikuambia mimi nataka kuitwa Mheshimiwa?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Dereva alikuita kaka, hukuitika."

Akafikiri, ndipo akakumbuka. "Sikio hili halisikii vizuri tangu utotoni," akasema, akigusa la kushoto. "Siwaambii watu."

Nilitamani sakafu ipasuke.

Jalada halikufungwa. Kikao kilifanyika kulekule Rangwi, watu wamejaa. Shabani alikuja na shati jeupe, akasema alisoma alivyoelewa. Mkubwa akampa ile karatasi: "Basi soma tena, kwa sauti." Shabani akasoma. "Irudishwe kwa mwandishi. Salamu si sahihi. Barua kwa Mheshimiwa haianzi hivi. Rekebisha." Akaishia hapo, maana hapakuwa na kingine. Hakuna kufungwa, hakuna hasira. Mzee mmoja akauliza, "Na hayo maneno ya kipuuzi aliyaandika nani?" Nikasimama, nikasema ni mimi. Sikukaa mpaka waliponiambia nikae.

Mipaka ilirudishwa ilipokuwa. Bibi Mwanaidi alilima bonde lake mpaka alipofariki, na aliyelirithi ni binti yake. Shabani bado anaishi jirani. Tukikutana sokoni Lushoto ananiamkia vizuri sana, nami naitika huku nimeshika mkoba.

Kwa Mwalimu Bonifasi nilikwenda siku ileile ya kikao kuomba radhi. Alisema amenisamehe. Lakini barua yake iliyofuata ilianza: "Ndugu Karani wa Masjala, husika na kichwa cha habari hapo juu." Na iliyofuata hiyo, na zote, kwa miaka. Hazikuwa na kosa hata moja. Kila cheo mahali pake, kila nukta. Sijawahi kuona barua sahihi zinazouma namna ile. Mdogo wake Hadija hakuonekana tena.

Nilipostaafu, hakukuwa tena na sababu ya yeye kuniandikia. Mwaka huu, baada ya mvua za masika, nikapanda gari mwenyewe. Nilimkuta amekaa nje kwenye jua. Macho yamekwisha kabisa, aligeuza sikio kuelekea hatua zangu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nani?"

Kazi yangu yote ilikuwa kujua mtu aitweje, na hapo nikashindwa kujitaja. Karani sikuwa tena. Mdogo wake, sikuwa na haki. Nikasema, "Hadija. Yule aliyekukosea dukani."

Akapapasa mfukoni, akatoa simu, akaninyooshea.

"Kuna ujumbe umeingia tangu asubuhi, nadhani ni wa binti yangu, na mke wangu yuko shamba. Nisomee. Usome kama ulivyo."

Nikavaa miwani. Nikaanza juu, kama kawaida yangu. "Baba mpendwa, shikamoo." Nikasoma habari za wajukuu, ada, mafua ya mdogo. Halafu nikafika mahali mdomo ukasita. Nikasoma: "Nasikia yule mama karani aliyekudhalilisha mbele ya watu amestaafu. Akija kwako na maneno yake matamu, Baba, usimpokee."

Upepo ulikuwa unapita kwenye migomba. Nikamaliza mpaka jina la chini, sikuruka neno.

"Ndiyo yote?" akauliza.

"Ndiyo yote, Mwalimu."

"Basi mjibu." Akaegemea ukuta, akavuta koti lake. "Mwambie, 'Umechelewa, yule mama ameshapokewa.' Mwambie, 'Ndiye anayekuandikia.'"